Jiko Baridi Ndilo Lililonihukumu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Leo mmeitika kwa sauti ndogo, na sababu naijua. Mmeniona nimesimama na kitu kimefungwa kwa kitambaa, na wenye kumbukumbu wameanza kuangalia viatu vyao. Angalieni tu. Mimi nitangoja mpaka muinue macho.

Kwa wageni, mimi ni Kemunto, mama yake Onchari na Moraa, mke wa Samweli, yule aliyekaa nyuma karibu na mlango kana kwamba anataka kutoroka. Nimeomba nafasi ya ushuhuda, na mzee wa zamu amenipa, akaniambia nitoe shukrani. Shukrani ninazo, tena nyingi. Lakini hasira ninayo pia, na nimekuja nayo hapa hapa mbele ya Bwana, kwa sababu nikiiacha nyumbani itaniunguzia mboga. Mungu anaijua. Kama mbele zake sijifichi, nijifiche kwenu?

Jumapili iliyopita bibi wa maendeleo alikuja kutoka Kisii mjini akatufundisha akina mama hapa uwanjani. Mlimwona. Alileta kapu kubwa lililojazwa majani makavu na blanketi kuukuu. Akachemsha maharagwe kidogo tu, akatumbukiza sufuria ndani ya kapu, akafunika, akaendelea kutufundisha kushona viraka. Baadaye akafunua, na maharagwe yalikuwa yameiva yenyewe, moto ulishazimwa zamani! Jamani, mlivyopiga makofi! Kuku wa jirani walikimbilia migombani. Halafu akauliza kwa upole, "Je, kuna mama hapa aliyewahi kuona kitu kama hiki?"

Kimya.

Ndugu zangu, kimya hicho ndicho kilichonileta hapa mbele. Hakuna aliyefungua mdomo. Na Mzee Zakaria, wewe mzee wetu wa kanisa, uliyekuwa kwenye kiti cha mbele na kofia magotini, ulisema nini? Nilikusikia kwa masikio yangu mawili. Ulisema, "Kweli Serikali ina akili!"

Serikali! Ala! Yule bibi sina neno naye, alifundisha vizuri, na Mungu ambariki. Lakini nyinyi! Mliopiga makofi ni wale wale mlioleta kiberiti kapu langu lilipochomwa, kwenye uwanja huo huo. Sasa kaeni vizuri niwasimulie, kwa sababu vijana hapa hawajui, na wanaojua wamesahau kwa makusudi.

Miaka ile Uhuru ulikuwa bado mpya. Samweli alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho, anakuja nyumbani mara chache. Nilibaki na watoto wawili, na mama mkwe, ambaye watoto humwita Magokoro, yaani bibi, na ninyi nyote mmeiga. Mlima wetu nao ulikuwa umegeuka chai tupu. Chai ni nzuri, siisemi vibaya, imesomesha watoto wetu. Lakini nani amewahi kupikia maharagwe majani ya chai? Miti ilikatwa, na kuni zikawa za kutafutwa mbali, kule bondeni karibu na mto, na unarudi umebeba mzigo shingo inataka kuingia kifuani.

Mimi Mungu hakunipa mali, alinipa macho. Nikiona kitu kimetupwa, siwezi kupita. Kopo la mafuta ya kupikia likiisha, nalitoboa kwa msumari, nalifanya kikwaruzo cha kukwaruzia mahindi mabichi. Kopo dogo nalo linakuwa koroboi. Vipande vya sabuni vilivyobaki vidogo kama ukucha, navikusanya kwenye kibuyu, natia maji ya moto, kesho nina sabuni nzima. Sufuria zangu nilikuwa nikizisugua kwa majivu mpaka unajiona sura. Onchari alienda shule na kaptura ya gunia la unga, na niliipindua maandishi yakaingia ndani, mtu asijue. Mkanicheka. Mkaniita Mama Viraka. Nyaboke, jirani yangu, ulikuwa ukiniita hivyo kisimani mbele ya wanawake wote, unakumbuka? Usitikise kichwa. Nilicheka nanyi, kwa sababu viraka havijamuua mtu.

Sasa, sisi tunaoshika Sabato, mnajua desturi yetu. Ijumaa ni siku ya maandalio. Unapika, unafagia, unachota maji, na jua likizama unazima moto, basi, mpaka jua la Jumamosi lizame tena. Ni amri, naiheshimu hadi leo. Lakini huku kwetu mlimani Sabato asubuhi kuna ukungu na baridi ya kukata mifupa, na sisi tunakula ugali wa wimbi uliolala, mgumu kama kisigino! Viazi vitamu baridi. Ndizi baridi. Watoto wanatafuna wakitetemeka, halafu tunawaambia waimbe Sabato ni furaha. Magokoro ndiye alikuwa akiteseka zaidi, kwa sababu meno yalikwisha muaga zamani. Yeye hata si mtu wa kanisa. Anavuta kiko chake, anaishi kwa mila za wazee, lakini alikula kwenye jiko langu, na jiko langu likilala naye analala njaa.

Siku moja kuni ziliniishia maharagwe yakiwa bado magumu, nikaepua chungu cha mahindi na maharagwe nikaenda kukiweka nje kipoe. Mvua kubwa ikaja ghafla. Nikakisukuma kwenye rundo la majani makavu ya migomba chini ya paa la ghala, nikafunika kwa gunia, nikakimbilia nguo zangu kwenye kamba. Mvua haikukoma mpaka jioni, nami nikasahau. Kukifunua, lo! Mvuke ulinipiga usoni! Na yale maharagwe niliyoyaacha yakiwa magumu yalikuwa yameiva, yanapondeka kwa ulimi.

Nilikaa chini nikacheka peke yangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Magokoro, nikamwambia, "Mama, nisukie kapu kubwa, lenye mfuniko." Hakuuliza la nini. Alivuta kiko, akasema, "Kubwa kiasi gani? La kubeba ndama?" Akalisuka. Nikalitia majani ya migomba yaliyokauka vizuri, nikayashindilia, katikati nikaacha tundu la sufuria. Juu nikashona mto wa matambara, kila tambara lilikuwa na habari yake, suruali ya Samweli ya harusi ilikuwemo. Na chini kabisa, chini ya sufuria, nikaweka hili.

Sasa nafungua kitambaa. Tazameni. Ni jiwe. Jiwe laini la kule kwetu Tabaka, wanalochonga vibuyu na vinyago. Mimi ni binti wa huko. Mama yangu alinipa hili nilipoolewa, na nyinyi akina mama mnalijua, msinitazame kama ng'ombe wageni. Ni jiwe la kukandia! Mama akijifungua, tunalipasha kwenye majivu, tunalifunga kwa kitambaa, tunamkanda tumbo. Hili limenikanda mimi kwa Onchari na kwa Moraa. Jiwe hili linashika moto kuliko mtu anavyoshika kinyongo. Nalipasha Ijumaa, nalifunga kwa gunia, juu yake sufuria inayotokota, juu ya sufuria mto, juu ya mto mfuniko. Na sharti moja tu: usifunue funue! Ukifunua kuchungulia, umepoteza moto.

Ndugu zangu, Sabato ya kwanza watoto wangu walipokula chakula cha moto, bila mimi kuvunja amri hata kidogo, nililia. Magokoro alikula akamaliza, akalamba kidole, akasema, "Mungu wenu leo amekuja jikoni." Huyo ndiye mliyemwita mpagani.

Kwa nini sikuwaambia? Niliwaambia! Nilimwambia Nyaboke, akasema, "Mama Viraka na vituko vyake," akaenda zake. Nikasema basi, watajionea wenyewe.

Wakajionea. Kulikuwa na wageni wa kanisa kutoka upande wa Nyacheki, na baada ya ibada tukagawana wageni, kila nyumba na wake. Mimi nikapewa wawili, pamoja na Mzee Zakaria kuwasindikiza. Nilifurahi mno! Nilikuwa nimetayarisha maharagwe na ndizi, na mboga za chinsaga kwa maziwa, zile chungu zinazopendwa na wazee. Nikaingia ndani, nikafungua kapu, nikaleta sufuria mezani. Nikafunua.

Mvuke ukapanda hadi kwenye nyasi za paa. Wageni wakasema "Aaa!" kwa furaha, mmoja akanyoosha mkono. Mzee Zakaria akamshika mkono.

"Mama Onchari," akaniuliza, "moto umewasha saa ngapi?"

"Sijawasha moto, mzee. Tangu jana jua lilipozama."

"Usiongeze uongo juu ya dhambi."

Nikamwambia, nenda jikoni ukaone. Kwa roho safi kabisa! Nilidhani nikimwonyesha jiko lililolala, mambo yamekwisha. Akaenda. Nyaboke naye alikuwa ameshafika mlangoni, sijui aliitwa na nani, pua yake huwa na miguu yake yenyewe. Mzee Zakaria akainama, akatia mkono kwenye majivu kati ya mafiga. Baridi. Akachimba zaidi. Baridi. Akasimama polepole, mkono mweupe kwa majivu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Ndugu zangu, sikilizeni mtu anavyohukumiwa! Kama angekuta kaa moja tu linalowaka, ningekuwa mwenye dhambi. Ningeonywa, ningetubu, yangekwisha. Lakini jiko lilikuwa baridi, na chakula kilikuwa cha moto. Jiko baridi ndilo lililonihukumu! Ukweli wangu ndio ulionimaliza!

Nikawaonyesha kapu. Nikatoa majani yake mbele yao, moja moja, ili waelewe. Na chini kabisa wakakuta jiwe, limefungwa kwa gunia, lina vuguvugu bado. Nyaboke akapiga yowe. "Omorogi!" Neno hilo kwa lugha yetu ni mchawi, na wageni, huku kwetu neno hilo si tusi la kutupiana barabarani. Mtu akiitwa hivyo, nyumba yake yaweza kuwashwa moto naye akiwa ndani. Wale wageni wawili waliondoka bila kula. Mmoja alitembea kinyumenyume.

Jumapili kapu langu likachomwa hapo uwanjani. Jiwe likatupwa humo motoni, na mto wangu wa matambara pia, na suruali ya harusi ya mume wangu ndani yake. Mliimba! Mkachoma kazi ya mikono ya mama mzee asiye na meno, huku mkiimba! Na Sabato iliyofuata jina langu likasomwa hapa, kwamba nimetolewa ushirikani mpaka nitakapotubu uchawi. Nitubu nini, jamani? Nitubu maharagwe?

Mkaanza kupita njia ya juu ili msipite mlangoni kwangu. Kisimani nikifika, wanawake wanainua mitungi yao, hata haijajaa. Na Moraa wangu, mtoto mdogo, alirudi kutoka mtoni amelowa na udongo, akaniuliza, "Mama, mtoto wa mchawi naye ni mchawi?" Hilo sijalisahau, na siahidi kulisahau. Wakubwa niliwajibu kwa kinywa changu. Mtoto nilimvua nguo nikamwosha.

Halafu wazee wa ukoo wakamwita Samweli kutoka Kericho. Shemeji zangu walisema sitakiwi tena kwenye boma lile. Nirudi kwetu Tabaka. Na watoto? Watoto ni wa ukoo, watabaki. Mnajua desturi. Kikao kikawekwa kufanyika Jumapili, na kila mtu alijua uamuzi umeshafanywa, ilibaki kukaa na kuusema. Samweli, mume wangu, ulikaa kwenye kigoda ukaangalia mikono yako. Nilikuuliza, "Wewe unanijua. Sema neno." Ukasema, "Ni wazee." Nakupenda, Samweli, nimekusamehe, lakini leo nasema mbele ya watu, neno lile lilikuwa dogo mno.

Niliomba. Niliomba mpaka maneno yakaisha, nikabaki nasema tu, "Nyasae, watoto wangu. Nyasae, watoto wangu." Sikuomba jina langu lisafishwe. Nilimwomba Mungu asinitenganishe na wanangu.

Juma lile lile la kikao, Mzee Zakaria akashikwa na homa. Nilisikia Ijumaa asubuhi kwamba anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Ndugu zangu, niseme uongo hapa? Nilisema, "Acha atetemeke!" Magokoro alikuwa ameketi mlangoni anasuka kitu, sikuangalia ni nini. Akatoa kiko mdomoni. Akasema, "Mwanangu, mgonjwa wa homa anataka uji wa moto. Na kesho nyumba ile haiwashi moto. Lile jiwe lako nililiokota kwenye majivu yao. Nipe ruhusa nilipeleke."

Alikuwa amesuka kapu jipya. Macho yake hayaoni vizuri, vidole vimepinda, na alikuwa amelisuka kimya kimya, siku hizo zote nilizokuwa nikilia.

Akaenda nalo kwa mke wa Mzee Zakaria, Rebeka, ambaye Bwana amlaze mahali pema. Mimi sikwenda, na sikuruhusiwa. Rebeka mwenyewe aliniambia baadaye yaliyopita. Rebeka aliogopa hata kuligusa. Magokoro akamwambia, "Uji ni wako, sufuria ni yako, moto ni wako, mikono ni yako. Mimi nimeleta majani ya mgomba tu. Kama kuna uchawi, utakuwa wako." Akamwonyesha namna ya kupasha jiwe na kushindilia majani, akawasha kiko, akaondoka. Rebeka akabaki na mume anayetetemeka na jua linalozama. Akafanya kama alivyoonyeshwa.

Sabato asubuhi akafungua. Uji wa wimbi, wa moto! Akamnywesha mumewe kikombe, akamwongeza kingine. Mzee Zakaria akatokwa na jasho, akafumbua macho, akashika kikombe kwa mikono miwili. Kisha akauliza. Mnajua aliuliza nini?

"Rebeka, moto umewasha saa ngapi?"

"Sijawasha moto, baba."

Mkuki kwa nguruwe, ndugu zangu! Alimwangalia mke wake, mama wa watoto wake, mwanamke aliyelala naye tangu ujana, na hakwenda jikoni kupima majivu. Aliogopa kuyakuta baridi.

Na mzee angenyamaza tu! Nasema hili na yeye anasikia. Angenyamaza, kikao kingekaa, nami ningeondoka kwenye boma lile bila wanangu. Lakini Rebeka alimwacha kitandani, akaja hapa kanisani na shuka lake la nyumbani, hata hajachana nywele. Siku zile mama hakusimama kusema katikati ya ibada. Alisimama. Alisema, "Ndugu, mtoeni Mama Onchari, na mimi mnitoe. Leo mume wangu amekunywa uji wa moto kutoka kwenye kapu kama lile mlilolichoma, na nimelifunga mimi mwenyewe. Kama yeye ni mchawi, mimi ni nani? Na mzee wenu aliyekunywa na kuomba kikombe cha pili ni nani?" Akaketi.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani nafunga nguo zangu kwenye shuka. Nilimwona Samweli akikimbia kupanda mlima. Mume wangu hakimbii, mnamjua, hata mvua humkuta njiani. Alifika, akashika lile furushi, akalifungua, akaanza kupanga nguo zangu tena mahali pake, moja moja. Moraa akauliza, "Mama haendi?" Akajibu, "Haendi." Hapo ndipo nilipopiga magoti. Bwana asifiwe! Kikao cha Jumapili hakikukaa. Shemeji zangu walipita wakaomba maji ya kunywa, kana kwamba ni siku kama siku zote. Niliwapa.

Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu. Mungu alinirudishia wanangu kwa mkono wa mama asiyeingia kanisani na kwa kinywa cha mama asiyeruhusiwa kusema.

Lakini sijamaliza, mzee wa zamu, usiangalie saa. Jina langu lilisomwa hapa nikitolewa. Je, lilisomwa nikirudishwa? Halikusomwa! Mliniachia nafasi kwenye benchi, nikaketi, tukaendelea kuimba. Mkaanza kuja mlango wa nyuma, mmoja mmoja. "Mama Onchari, hilo kapu linashindiliwaje?" Hata wewe, Nyaboke, ulikuja, ukasema unamwulizia dada yako! Niliwafundisha wote. Nusu ya nyumba za mlima huu zinakula cha moto siku ya Sabato, na Jumapili bibi wa watu anawauliza kama mmewahi kuona kapu, mnakuwa mabubu! Kumbe mnalijua kapu, ni mimi tu msiyetaka kunitaja. Na akina mama vijana wanadhani akili hutoka ofisini Kisii peke yake, wakati waliyaona makapu haya jikoni kwa mama zao. Usione vyaelea, vimeundwa. Na walioviunda wana majina.

Aliyeunda yuko nje. Yuko hapo kibarazani sasa hivi na fimbo yake, kwa sababu mlimwambia kiko chake kinanuka. Kinanuka, kweli. Moshi wa kapu lake mlipolichoma haukuwanukia?

Mzee Zakaria, meno yako nayo yameaga. Tangu Rebeka atutoke, uji wako wa Sabato unatoka kwangu, na wa leo umeshafika kwako, Moraa ameuleta kabla ya ibada. Sitaacha kuuleta hata ukinyamaza mpaka kufa, kwa sababu siuleti kwa ajili yako, nauleta kwa ajili ya Rebeka. Lakini kama una neno la kusema, mimi nakwenda kuketi, na mahali hapa pa kusimamia patakuwa wazi.

Na wewe uliye hapa na jina lako limechafuliwa, unayepitwa njia ya juu, nakuambia mwamini Mungu. Watu wakitia mkono kwenye jiko lako wakakuta majivu baridi, watasema umekwisha, au watasema mengine mabaya zaidi. Wewe usifunue. Acha Mungu akuhifadhi mahali wasipopaona. Saa yake ikifika atafunua mwenyewe, na mvuke watauona wote.

Nimemaliza. Baada ya ibada nawaalika nyumbani kwangu, wote, wageni na wenyeji. Kuna maharagwe, kuna ndizi, kuna chinsaga kwa maziwa, vyote tangu jana jioni. Mkitoka mlangoni msimpite Magokoro kana kwamba ni nguzo. Msalimieni, mumshike mkono, mje naye polepole, kwa sababu yeye ndiye atakayefungua kapu. Na mwenye wasiwasi apite kwanza jikoni, atie mkono kwenye majivu. Ni baridi. Kisha anawe, aje ale.